Gari la Kumpeleka Bibi Kasansa

Baba alizungusha ufunguo, gari likanyamaza kimya. Halikukohoa, halikunguruma, hata taa za dashibodi hazikuwaka.

Rahel alishangaa kuliko wote. Fyuzi ya pampu ya mafuta alikuwa nayo yeye, ndani ya soksi ya kushoto. Aliichomoa alfajiri Baba akiwa bafuni. Lakini kukosekana kwa fyuzi ile huzuia mafuta tu. Stata ilipaswa kulia.

"Liacheni kwanza," alisema Bibi Minza. "Labda bado linaota."

Alikuwa amekaa juu ya begi lake kwenye kivuli cha ukuta, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Ukoo ulikuwa umeamua: mzazi azeekee kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mtoto huyo ni Baba Mkubwa Manyanda, mwenye ng'ombe wengi huko Kasansa. Na mzazi hapandishwi basi kama gunia la mpunga. Anasindikizwa na mtoto anayemtoa, kwa gari lake mwenyewe, afike kabla jua halijapinduka. Siku iliyopangwa ikishindikana, haipangwi nyingine mpaka mavuno yajayo.

Bibi alikubali ili wanawe wasigombane. Mama alikubali kwa sababu mkwe hana sauti kwenye kikao cha ukoo. Baba alikubali kwa sababu hajawahi kumkatalia kaka yake kitu. Rahel hakuulizwa. Tangu akiwa mdogo alikuwa akilala chumba kimoja na Bibi.

Simu ikaita. Baba Mkubwa alikuwa anapiga kwa video.

"Amosi! Bado mko Majengo tu?"

"Gari limegoma, kaka."

"Hebu nionyeshe."

Rahel akapewa simu aielekeze kwenye injini. Sura ya Baba Mkubwa ilijaa kioo kizima, na nyuma yake wazee wawili walikuwa wananyoosha shingo waone.

Baba alikunja mikono ya shati. Alivimwagia maji ya moto vichwa vya betri, uchafu mweupe ukayeyuka. Akalegeza nati, akainua terminali. Chini yake kulikuwa na kipande cha nailoni, kimekunjwa vizuri.

"Hiki kimeingiaje humu?"

Mama, aliyekuwa anaosha vyombo, aliangusha sufuria. "Panya," alisema.

"Panya wa Majengo wanakunja nailoni?" Baba Mkubwa aliuliza kwenye simu.

"Wa huku wamesoma," Bibi akamjibu.

Nailoni ikatolewa. Sasa stata ililia kwa nguvu, lakini injini haikushika. Rahel akashusha pumzi. Zamu yake ilikuwa imefika.

Baba alifungua kisanduku cha fyuzi, akakitazama kwa muda. Kisha akaitazama simu, akamtazama na aliyeishika. Rahel akaangalia mawingu.

"Fyuzi ya pampu haipo."

"Panya tena?" alifoka Baba Mkubwa.

"Huyu atakuwa fundi kabisa," alisema Bibi.

"Chomeka ya honi! Zinalingana. Mimi nina trekta, nyie hamnidanganyi."

Baba alichomoa fyuzi ya honi, akaichomeka mahali pa ile iliyopotea. Rahel aligeuka. Alimwona Bibi akikung'uta kitenge chake, tayari kuinuka.

Stata ikalia. Ikalia tena. Injini haikushika.

Rahel hakuelewa. Alimtazama Mama. Mama naye alikuwa ametoa macho, povu la sabuni likimchuruzika mkononi.

Jirani yao Abednego, aliyekuwa anapita kwenda gereji kwake, alisimama getini. "Baba Rahel, nisogee? Hapo ni kazi ya dakika mbili."

"Gari langu nalijua mwenyewe," Baba akamkata.

Abednego alishika njia akishangaa. Baba alikuwa akimwita hata kwa kujaza upepo kwenye tairi.

Baba aliendelea. Alifungua plagi moja moja, akazisugua kwa msasa, akazipuliza, akazirudisha. Akakung'uta chujio la hewa mpaka kuku wakakimbia. Akafyonza petroli kwa mdomo kwenye mpira, akatema, akakohoa mbele ya simu mpaka wazee wa Kasansa wakasema pole.

"Kaza, mwanangu," Bibi alimhimiza. "Kaka yako anasubiri."

Jua lilizidi kupanda. Shati la Baba lilikuwa jeusi, na oili ilikuwa imemfika masikioni.

"Basi, Amosi," Baba Mkubwa akasema mwishowe, kwa upole ambao Rahel hakuwahi kuusikia kwake. "Nimejionea mwenyewe. Hata mkiondoka sasa hivi hamtawahi. Umehangaika sana, hakuna wa kukulaumu. Mama atabaki hapo mpaka mavuno."

"Naona aibu, kaka."

"Aibu ya nini? Gari ni chuma. Ng'ombe tumeshachinja, tutamla wenyewe."

Simu ikakatika. Bibi alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akainuka na kuingia ndani kuvua viatu. Mama na Rahel walikwepana macho hadi chakula cha mchana kikaisha.

Jioni, Rahel alitoka kuanua nguo. Boneti lilikuwa wazi. Baba alikuwa ameinama juu ya injini, amefungua mfuniko wa distributa. Alitoa mfukoni kidude cheusi, kile cha kugawa moto kwenye plagi, akawa anajaribu kukipachika. Hakikukaa. Bibi alikuwa amesimama kando yake, ameshika bisibisi.

"Kigeuze, mwanangu," alinong'ona Bibi. "Jana nilipokuonyesha cha kutoa, kilikuwa kimetazama huku."