Poleni na Kilio

Wewe uligeuza uso. Mji wa Kindu ulipoanguka ulizungusha kitufe cha redio, ukatafuta muziki. Halima hakuwa na pa kugeuzia uso wake.

Leo vita vingine vinakaribia, naye amepanda ngazi kwenye ukuta wa soko la Kasuku, anapaka rangi nyeusi juu ya jina la Balozi Asumani. Amekwisha kufuta nusu.

"Mama Halima, ule muzee alituletea amani," anasema Exaucé wa pikipiki, akicheka.

"Njo yeye alituuza, mutoto wangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Mwaka ule waasi walikuwa ng'ambo ya mto Lualaba. Bulaimu, mume wake, alikwisha kupakia mtumbwi: sufuria, mikeka, watoto juu yake. Ndipo balozi, mjumbe wa mji, akarudi kutoka kwenye mazungumzo na waasi. Alikwenda peke yake. Alirudi na walinzi wawili waliomganda mgongoni.

"Poleni na kilio," akaanza.

Bandari nzima ikaangua kicheko. "Nani amekufa, Balozi? Umepotea njia ya matanga?"

Yeye hakucheka. Akasema wamepatana. Wageni wa ng'ambo watapita tu, kila mutu arudi kwake. Bulaimu akashusha sufuria.

Wageni hawakupita. Waliingia. Bulaimu na mtoto wao mkubwa hawakuonekana tena, na balozi naye vilevile. Watu wakasema amekwenda Ulaya kula alicholipwa. Tangu hapo, kila Halima anapoosha sufuria ile, anasikia kicheko cha bandari ndani yake.

Honi zinalia. Mjumbe mpya, Elie, ametoka kwenye mazungumzo ya safari hii. Anapanda jukwaani, chini kabisa ya ngazi ya Halima, na walinzi wake nyuma. Watu waliojaa mbele wanapiga makofi. Kutoka kule juu Halima anaona wasichokiona wao: mtutu wa bunduki, umefunikwa kwa koti, umemkaa mjumbe kwenye uti wa mgongo.

Elie anashika maikrofoni. Macho yake yanazunguka soko zima, kama anayemtafuta mtu mmoja tu wa kumsikia.

"Poleni na kilio," anasema.

Soko linacheka. "Nani amekufa?" anapaza Exaucé.

Brashi inamponyoka Halima.

Na wewe unayesoma, acha kucheka. Mtumbwi uko pale chini mtoni. Pakia watoto, sasa hivi.