Friji Imesafishwa

Friji yao ndogo ilikuwa inang'aa kama siku iliponunuliwa. Msichana alisimama mbele yake, baridi ikimpiga magotini, akaitafuta kwa macho chupa yake ya maziwa. Haikuwepo.

"Sema asante basi!" Chiriku, mwenzake wa chumba, alimtokea nyuma na kitambaa mkononi. "Jana si ulinisema mbele ya watu kwamba hata kijiko sioshi? Haya, nimesugua kila kitu. Na yale maziwa yako, shoga yangu, yalishaharibika. Mafuta juu, maji chini! Nimemwaga."

Chupa ilikuwa dirishani, imeinamishwa kichwa chini, tone moja likining'inia mdomoni.

Hakuwahi kumwambia Chiriku kwamba ana mtoto. Pale bwenini wenye watoto hawapewi chumba. Maziwa yale alikuwa amejikamua bafuni tangu alfajiri, kidogo kidogo, mlango ameubana kwa mguu, maana mtoto huko nyumbani alikataa maziwa mengine yote. Na mtihani ulikuwa karibu kuanza.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, niko getini. Fanya haraka ulete, mtoto nimemwacha analia mpaka sauti imemkauka."

Akakata simu.

"Mbona umenuna?" aliuliza Chiriku. Alikuwa bado anatabasamu, anasubiri wapatane. "Hujapenda?"

"Nimependa," alisema.

Lakini kifua chake kilikuwa kimeshasikia habari ya kile kilio. Chiriku akashusha macho, akaiona blauzi inavyolowa.