Swali la Tano

Seremala alifika mwisho wa hadithi bila kufungua kamusi hata mara moja, akatamani angekuwa hajaelewa kitu.

Kila Jumamosi alimsaidia mkewe, mwalimu wa Kiingereza, kubana kwa stepla makaratasi ya kusoma ya darasa la juu. Mke aliamini mumewe anajua salamu tu. Kumbe kwa miaka mitatu mwanamume huyo alikuwa akiokota nakala zilizoharibika, akijisomea karakanani kidogo kidogo, ili siku moja amshangaze.

Hadithi ya leo mke aliitunga mwenyewe. Ilimhusu mwanamke anayengoja shule zifungwe ili aondoke nyumbani, asirudi tena. Mumewe si mtu mbaya, ilisema. Ni mtu wa kunusa ubao kabla ya kuukata, lakini hajawahi kumuuliza mkewe anawaza nini.

Seremala alisogeza vidole puani. Vilinukia mvule.

"Bwana we, bado tu?" mke aliita kutoka jikoni. "Hayo magumu, usijichoshe kuyatazama!"

"Imebaki moja," alijibu.

Chini ya hadithi palikuwa na maswali matano. La tano liliuliza: mume alijua lini?

Akachomoa penseli sikioni, akaandika jibu kwa Kiingereza, sentensi nzima isiyo na kosa, kama mkewe alivyowataka wanafunzi wake wajibu. Kisha akaibana nakala ile, akaiweka juu ya zote.