Askari wa Pembe Nne

Kabla ya kuiwasha kompyuta yake, Jaji aliielekezea feni. Ubavu mmoja wa kasha ulikuwa wazi siku zote, nyaya nje nje, na feni ya mezani ndiyo iliyopuliza humo ndani. Isipopepewa, inazima.

"Hii niliinunua kabla mke wangu hajanikubali," alimwambia mgeni wake. "Akanikubali, tukaishi, akaondoka zake. Yenyewe ipo."

Mgeni alikuwa mchora mabango. Miaka minne iliyopita aliacha brashi, akajifungia chumbani kutengeneza gemu peke yake: zile za kufyatua risasi, ambazo mchezaji haoni mwili wake, anaona mikono tu na bunduki. Leo aliileta kwenye flashi, ndani ya soksi ya mtoto ili isiingie vumbi.

Jaji hajawahi kukanyaga mahakama. Ni mzee wa gazeti, ana safu yake ya magemu kila Jumamosi, na safu hiyo huisha kwa neno moja: "Nunueni" au "Acheni." Wasomaji wanamwamini kuliko daktari. Msambazaji wa magemu alikuwa amemwambia mchora mabango waziwazi: Jaji akisema nunueni, tunaichukua, akisema acheni, rudi kwenye mabango yako ya vinyozi. Na huko kwa vinyozi nafasi yake ilishachukuliwa.

"Mzee, ningeweza kuleta kompyuta yangu," alisema kwa adabu.

"Ya nini? Mnunuzi naye utampelekea ya kwako?"

Gemu ikafunguka baada ya dakika kumi na moja. Jaji akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Askari akatokea nyuma ya ukuta: kichwa boksi, mikono maboksi, uso hakuna. Ukuta wenyewe ulikuwa rangi moja tu, ya tope. Jaji akafyatua, askari akadondoka vipande vipande kama mche wa sabuni uliokatwa.

Mchora mabango akashika mdomo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Aisee," Jaji alisema taratibu. "Gemu ya kizamani."

"Samahani, mzee, unajua..."

"Usiniombe samahani na usinieleze. Kazi inayosubiri maelezo ya mwenyewe bado haijaiva." Akaendelea kufyatua. "Vijana wa siku hizi mnatujazia vinyweleo na kucha. Vinyweleo vya nini, na mtu mwenyewe unampiga risasi? Wewe umethubutu kumnyima adui sura. Nani alikufundisha?"

"Hakuna," alisema, na hapo hakudanganya.

"Enzi zetu zilikuwa hivi hivi." Macho ya Jaji yalilowa, wala hakuyafuta. "Mimi sisifu ovyo, binti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini niambie jambo moja. Hizi pembe umeziweka makusudi, au ni uvivu? Kama ni uvivu, naandika acheni, sasa hivi."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Mchora mabango akaitazama. Akaikumbuka ile miaka minne, mume akipika na kulaza watoto peke yake bila kumuuliza itaisha lini. Aliogopa, tena sana.

"Makusudi, mzee. Kila pembe."

"Nilijua."

Akaandika neno lake, kisha akampigia msambazaji palepale: nunueni, Jumatatu iwe madukani, na ole wao waongeze hata kinyweleo. Akamsindikiza mgeni hadi barabarani, jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kufanyiwa.

Jioni mume wa mchora mabango aliporudi nyumbani kutoka kazini, alimkuta mkewe ameinama mbele ya kompyuta, bado kavaa viatu vya kutokea. Kwenye kioo alisimama askari yuleyule, ila hapa na uso ambao kompyuta ya Jaji ilishindwa kuuonyesha: kovu dogo juu ya jicho, kope zikipepea, na nyuma yake mti ulitikiswa na upepo jani kwa jani. Mke akabonyeza kitufe. Kovu likafutika, macho yakafutika, kikabaki kichwa cha boksi.

"Haya, Jaji kasemaje?" mume akauliza.

"Kasema nunueni." Akamwita askari mwingine. "Nyuso zimebaki mia tatu na kumi na mbili. Vuta kiti, wewe anza na majani."