Kimbunga Mshamu

Siku hizi kila kimbunga hupewa jina la mtu aliyekufa katika kimbunga kilichopita, ili asisahaulike. Somoe alikuwa akipigilia mbao madirishani redio iliposema, "Kimbunga Mshamu kinazidi kupata nguvu kwa kasi. Wakazi wa Mikindani waondoke sasa hivi."

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Mume wangu huyo! Alipokuwa hai hakuwahi kuharakisha."

"Mama, gari linajaa!" binti yake Zaituni alimsihi.

Somoe akatoka, akaurudishia mlango bila kutia komeo. Mshamu alichukia kufungiwa nje.

"Mama, upepo utaingia!"

"Mwache aingie kwake."

Njiani redio ikatangaza kwamba kimbunga kimegeukia bahari kuu, hakifiki tena. Gari zima likashangilia. Somoe akajifunika kanga usoni, akalia kama siku ile alipoambiwa mumewe harudi.