Jua la Huku

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Kusum alisimama kwenye baridi ya ughaibuni mbele ya nyumba mpya, akafungua panchang, kitabu ambacho Wahindu hutafutia saa njema na saa mbaya. Saa mbili iliyochapishwa kuwa njema ya kuingia nyumba ilikuwa imekatwa kwa penseli. Pembeni imeandikwa saa tatu na nusu.

Mwandiko ulikuwa wa mkwewe, Hetal, mwenye mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika katika nyumba waliyohama.

"Umekichorachora kitabu, mwanangu?"

"Nimekirekebisha, Mama. Hatuingii sasa."

"Umerekebisha nyota, au umejiongezea usingizi?"

"Niko macho, si unaniona?" Hetal alitia ufunguo mfukoni. "Kitabu kinahesabu tangu jua linapochomoza kule kwetu. Huku saa hizi jua bado. Tukiingia, tunaingia saa mbaya."

"Nani amekwambia?"

Hetal akamfunulia ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika saa za macheo ya asubuhi tisa, zikipishana kwa dakika moja moja, nyingine zimefifia kwa matone ya theluji. Kumbe ndiyo maana alikuwa akitoka mapema kila siku, na Kusum akidhani anamkimbia yeye jikoni.

Kusum akavua shali yake, akaitandika kwenye ngazi.

"Kaa. Miguu imekuvimba."

Yeye mwenyewe hakukaa. Alibaki wima akikodolea macho juu ya mapaa ya jirani, maana jua la huku hakuliamini bado.