Kitabu Hakirudi Bila Maoni

"Mapenzi ya kwenye hadithi za upelelezi yana shida moja," alisema mwendesha pikipiki, macho juu darini kama kawaida yake. "Mtu anamshuku mwenzake kitabu kizima, halafu mwishoni wanakumbatiana, basi, yameisha. Aliyeshukiwa hapoi haraka hivyo, shemeji. Ilitakiwa sura moja zaidi, yule mwanamke akae kimya tu."

Mwenye kibanda alikipokea kitabu akakigeuza. Mgongo uliokuwa umeachia ulikuwa umebandikwa upya, vizuri kabisa.

"Na mimi si shemeji yako," alisema. "Sina mume."

"Mazoea tu, shemeji."

Alitaka kucheka, lakini uchovu ulimzidi. Tangu asubuhi alikuwa anasikiliza watu. Kazi yake ilikuwa kukodisha vitabu vya mapenzi vya kila namna, na sheria ya kibanda ilikuwa moja: kitabu hakirudi bila maoni. Ndivyo alivyojua nani apewe nini. Mwalimu mstaafu alitaka mapenzi ya enzi za wafalme, yasiyo na kushikana mikono. Msusi alitaka mtu afe, la sivyo kwake hiyo si hadithi. Muuza dawa aligoma kabisa kusoma mapenzi ya mizimu. "Ebo! Hana mwili, unampendea nini?"

Hao wote walizungumzia vitabu. Huyu wa pikipiki alizungumzia watu. Alikuja kila Jumamosi na maneno mawili matatu yaliyomkaa mama wa watu rohoni wiki nzima, mpaka akajikuta amenunua blauzi mpya, umri wote huo, jamani. Alijionea haya, na blauzi akaivaa.

Sheria ile ilitokana na ndoa yake ya zamani. Mumewe hakuwa mlevi wala mgomvi. Alirudi kutoka kazini mikono inanuka kazi, akanawa, akala, akanyamaza. Hata bili ya maji ikija aliisukuma upande wa pili wa meza: "Soma wewe, mke wangu, macho yangu yamechoka." Yeye akasoma, akalipa, akanyamaza pia.

Mwisho alimpa kitabu. Jalada lake lilikuwa na mwanamke mwenye mwavuli mwekundu, na ndani kulikuwa na mke anayeteketea kwa upweke huku mume yupo sebuleni. Alishindwa kuyasema mwenyewe, akaona kitabu kimsemee. "Kisome," alimwambia. "Ukimaliza niambie unaonaje."

Mume alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kabati. Mke akasubiri. Siku moja alimkuta amekifungua mapajani, anakitazama, na moyo ukamruka.

"Unaonaje?"

"Kizuri."

"Sehemu gani?"

"Yote."

Alijua ni uongo, maana kitabu chenyewe kilikuwa na sura mbovu kadhaa. Kesho yake akafunga mizigo. Mwanamume aliyeshindwa kumsomea hata kitabu kimoja, wa nini? Ndivyo alivyowaambia ndugu zake, na ndivyo alivyojiambia miaka yote hii.

Sasa alisogeza kiti. "Kaa, kaka. Leo kuna chai."

Mwendesha pikipiki alikaa ukingoni, kofia yake ngumu magotini. Mwanamke alimimina chai, akashika kikombe chake bila kunywa.

"Mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka kukaa peke yangu, na nimechoka kujifanya sijali. Nilishaapa sitaki tena mwanamume. Lakini mtu anayeyaelewa mapenzi namna yako siwezi kumwacha apite hivi hivi. Kama una mtu niambie sasa hivi, nisijidanganye."

Uso ulimshuka mwendesha pikipiki. "Shemeji, utaniponza. Mimi nina mke na watoto. Na vitabu vyenyewe sijasoma hata kimoja. Nikifika mstari wa pili nasinzia."

"Na haya unayoniambia?"

"Nakariri. Njia nzima nayarudia ndani ya kofia nisije nikayasahau."

Mwanamke alitamani ardhi ipasuke. Blauzi ile mpya ilimbana ghafla. "Nani anakutuma?" aliuliza.

"Fundi viatu, pale ninapoegesha. Mtu mzima yule, lakini ameanza kusoma ukubwani, darasa la jioni. Ungemwona mwanzoni, kidole kwenye herufi, jasho linamtoka, sisi tunamcheka. Hakujali. Vitabu vyako ndiyo mazoezi yake. Alinikataza nisimtaje mpaka amalize kimoja, kigumu kuliko vyote, alisema. Amekimaliza jana."

Akafungua zipu ya koti, akatoa kitabu. Hakikuwa na muhuri wa kibanda. Kilikuwa kimechakaa, mgongo umebandikwa kwa gundi ya viatu, na kwenye jalada mwavuli mwekundu ulikuwa umefifia. Mwanamke alikiweka kikombe chini kabla hakijamponyoka.

"Maoni," alinong'ona. "Hakirudi bila maoni."

Mwendesha pikipiki aliinua macho darini.

"Amesema, samahani amechelewa. Amesema si kizuri chote, siku ile alikudanganya. Ila pale mke anapofunga mizigo ndipo pazuri, na amepasoma mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu."